Kilomita 800 zinapita salama, mita moja ndiyo inayoua kasi: faiba ya nyumbani Uyole

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena nyumbani kwangu Uyole, Mbeya. Baridi ya leo si ya kuuliza, mnaniona na koti ndani ya nyumba. Mezani nina vitu vitatu: rauta mpya ya Wi-Fi 6, jozi ya midia konvata (viboksi vya kuunganisha kebo ya shaba na ya faiba), na mabaki ya kebo ya faiba niliyopitisha kwenda nyumba ya uani. Vyote nimenunua kwa pesa yangu na nimevitumia miezi miwili na nusu, nikavuka navyo mvua zote za mwezi wa nne. Nawaambia nilichokiona.

Nianze na namba moja. 94.

Nilipandisha kifurushi kutoka megabiti 40 hadi megabiti 200 kwa sekunde. Fundi akaja, akapiga simu ofisini kwao, akaniambia, "Dada, tayari." Nikapima: 94. Nikaamka saa nane usiku, mtaa mzima umelala, nikapima tena: 94. Nikabadili programu ya kupimia: 93, halafu 94. Sasa sikilizeni. Kasi inayoliwa na msongamano hupanda na kushuka, jioni inalegea, alfajiri inachangamka. Ikigota palepale usiku na mchana, jua kuna mahali imebanwa. Na 94 ni namba inayojulikana: poti, yaani tundu la kuchomeka kebo, ya megabiti 100, ukitoa sehemu inayoliwa na anwani na vichwa vya pakiti, kinachobaki ni kama 94. Yaani nalipia barabara pana, halafu naingia nyumbani kwa kupenya dirishani.

Ngoja nisogeze kamera. Hii ndiyo kebo fupi iliyokuwa inatoka kwenye kile kiboksi cha faiba, ONU, kwenda kwenye rauta. Haifiki hata mita moja. Angalieni plagi yake hapa mbele, kwenye plastiki inayopitisha mwanga. Nyuzi za chungwa zipo, za kijani zipo. Za bluu haziko. Za kahawia haziko. Nimechana ganda nikazikuta zimekatwa na kukunjwa nyuma. Kebo hii ina nyuzi nane, jozi nne. Megabiti 100 zinaridhika na nyuzi nne tu, ndiyo maana taa iliwaka na hakuna aliyeshtuka. Ili upate gigabiti moja, yaani megabiti 1,000, lazima nyuzi zote nane ziguse. Nyuzi mbili ndogo za kahawia zikikosekana, vifaa vyako mara nyingi vinakubaliana kimyakimya kushuka hadi 100, na hakuna ujumbe wowote utakaoletewa.

Kebo mpya ya Cat6 nimeinunua Mwanjelwa. Ukienda, omba ya shaba tupu. Zipo za aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwarua uzi kwa kisu, ukiona weupe ndani, irudishe.

Halafu geuzeni ONU yenu nyuma. Nyingi zina poti nne, na watu wengi wanachomeka popote. Kwenye yangu poti ya kwanza pekee ndiyo imeandikwa GE, hiyo ni ya gigabiti. Tatu zinazofuata ni FE, mwisho wake 100. Mimi nilikuwa poti ya tatu. Na rauta yangu ya zamani poti zake zote zilikuwa za 100. Kwa hiyo nilikuwa na vizuizi vitatu vimepangana, na ukiondoa kimoja bado 94 inakusubiri kwenye kinachofuata. Nilipomaliza vyote vitatu, laptopu kwa waya ikasoma 196.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu huku Nyanda za Juu Kusini tumezoea kujisemea, "Mbeya mbali, ndiyo maana mtandao unasuasua." Mkongo wa Taifa, ile kebo kuu ya faiba ya nchi, ulianza kujengwa 2009, na umepita hapa kwetu kwenda Tunduma na Kasumulu hadi kwa majirani Zambia na Malawi. Mwanga ndani ya kioo cha faiba unakimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Dar, zilikoshukia kebo za baharini kama SEACOM na EASSy, ni kilomita zaidi ya 800 kwa barabara. Piga hesabu: ni milisekunde nne hivi. Umbali si kisingizio tena. Data zangu zilikuwa zinafika Uyole salama salmini, zinakuja kunyongwa kwenye kikebo hiki.

Rauta sasa. Wi-Fi 6 nimeipenda, lakini msiinunue mkitegemea itoboe ukuta. Nyumba hii ni ya matofali ya kuchoma, kuta nene. Sebuleni, kwenye gigahezi 5, simu inapata 180. Chumba cha pili, ukuta mmoja katikati, 110. Jikoni, kuta mbili, simu inahamia yenyewe gigahezi 2.4 na inabaki 35. Nilichofanya ni kuihamisha rauta kutoka kona ya dirishani, fundi alikoiacha kwa sababu waya uliingilia hapo, nikaipandisha juu ya kabati katikati ya korido. Jikoni ikawa 70. Hiyo haikunigharimu hata shilingi.

Tuje kwenye hizi midia konvata, maana kwangu ndizo zimebadilisha maisha ya nyumba hii. Nyumba ya uani iko mita 45 kutoka hapa. Anapanga binti anayesoma chuo, vipindi vyake vingine ni vya video. Zamani nilikuwa nimemvutia kebo ya kawaida ya shaba, imening'inia juu ya migomba. Machi ya mwaka juzi radi ilipiga jirani kabisa, mwanga na mshindo pamoja. Haikutupiga sisi, lakini swichi ya mtandao ya huku na rauta ya kule vilikufa dakika ileile. Kebo ya shaba kati ya nyumba mbili inasafirisha madhara ya radi kama inavyosafirisha data. Kioo hakipitishi umeme. Kwa mji wenye radi kama wetu, hiyo peke yake inatosha kwangu.

Zinafanya kazi hivi: moja huku, moja kule, kila moja inageuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme, katikati uzi mmoja tu wa faiba. Uzi mmoja unabeba kwenda na kurudi kwa sababu rangi za mwanga ni mbili. Hii iliyoandikwa A inatuma kwa nanomita 1310 na kupokea 1550. B ni kinyume chake. Lazima uwe na A na B. Dukani nilipewa A mbili, nikafika nyumbani, taa ya FX, ile ya upande wa faiba, haiwaki kokote, nikahangaika nusu siku nikidhani kebo imekatika. Soma lebo ukiwa bado dukani. Jozi nililipia shilingi 80,000.

Kebo nimenunua ya mita 60 iliyokwisha kufungwa vichwa, kwa sababu mashine ya kuunga faiba sina. Konvata zinataka kichwa cha bluu. Kile cha kijani ni cha ONU yangu, uso wake umesagwa kwa mshazari wa digrii 8. Ukichomeka kijani kwenye bluu vitaingia vizuri tu, ila nyuso hazigusani sawasawa, mwanga mwingi unapotea na unaweza kuharibu vichwa vyote viwili. Nimeipitisha ardhini ndani ya bomba la maji la robo tatu inchi. Bomba ni muhimu: jembe lipo, na fuko wetu wa kwenye viazi mnawajua. Kama kebo yako ina waya wa chuma pembeni wa kuning'inizia, usiuingize ndani ya nyumba, chuma kinaweza kuingiza ndani madhara ya radi ileile uliyoikimbia. Yangu haina chuma. Kwenye kona usiikunje kama kamba ya viatu; izungushe kwa upana wa kikombe cha chai.

Na tafadhali, kichwa cha faiba kisichochomekwa usikichungulie. Mwanga wake hauonekani, lakini jicho unaweza kuliumiza. Nina watoto humu ndani, kofia zake zote nimezifunga kwa tepu.

Kule uani nimeweka rauta ya kawaida yenye poti za gigabiti, nikazima DHCP yake, yaani kazi ya kugawa anwani, ili rauta kuu ndiyo igawe peke yake. Binti anapata 160 kitandani kwake.

Kasoro? Konvata zinapata moto, zisifunikwe na nguo. Na kila moja inataka umeme wake wa volti 5, wakati ONU na rauta ni volti 12. Nimenunua betri ndogo ya akiba yenye matundu ya volti zote mbili, umeme ukikatika inanisukuma kama saa tatu. Vigawanyio vya faiba vya njiani havitumii umeme kabisa, kwa hiyo giza la mtaani mara nyingi si sababu ya intaneti kuzima. Kinachozima ni kiboksi chako. Uani nilisahau kuweka betri, na wiki iliyopita binti alikatika katikati ya mtihani wa mtandaoni. Ya kwake nimeichukua jana.

Kama huna nyumba ya uani, konvata usinunue, pesa hiyo weka kwenye rauta. Na kabla ya rauta, pima kwa waya. Ukiona 94, chukua tochi ya simu, mulika ile plagi, hesabu nyuzi, kisha niandikieni hapo chini mmezikuta ngapi.