KoboToolbox kwa Mashirika ya Watoto: Tathmini Kutoka Kisumu

Shirika la kimataifa la watoto ninalolifanyia kazi lina ofisi mjini Kisumu, na kutoka hapo linahudumia familia za Nyando, Seme na baadhi ya maeneo ya Siaya na Vihiga. Mimi ni mshauri mwandamizi wa mipango, yaani si mimi ninayebisha hodi kwenye kaya, bali ndimi ninayesoma yaliyoletwa na waliobisha hodi, kuyatilia shaka inapobidi, kisha kushauri fedha na watu waelekezwe wapi. Kwa hiyo tathmini hii ya KoboToolbox, chombo cha kukusanyia data kwa hojaji za simu, au Kobo kama wanavyoiita maafisa wetu wote, imeandikwa na msomaji wa data zaidi kuliko mkusanyaji wake.

Kobo ilianzishwa na watafiti wa masuala ya kibinadamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, ikajengwa juu ya msingi wa ODK, programu huria ya kukusanyia data iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Washington, na leo inaendeshwa na shirika lisilo la faida. Hojaji hutayarishwa kwenye tovuti yake au kwenye jedwali la Excel, kisha huteremshwa kwenye simu ya Android kwa programu iitwayo KoboCollect. Mwenye iPhone hana programu hiyo. Itambidi ajaze fomu kupitia kivinjari, na fomu zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zinaweza kupotea mtu akisafisha kumbukumbu yake kabla ya kuzituma. Ninapendekeza simu za Android tu, hata za bei nafuu.

Sifa iliyoifanya ienee katika eneo letu ni kwamba haihitaji intaneti wakati wa mahojiano. Mhojaji anaweza kuvuka ziwa hadi kisiwa cha Mageta, akahoji kaya mchana kutwa bila mtandao wowote, kisha akazituma fomu zote akirudi Usenge. Lugha nayo imefikiriwa vizuri: fomu moja inaweza kubeba Kiswahili, Kidholuo na lugha ya Kiluhya inayozungumzwa mahali husika, na mhojaji akabadilisha lugha katikati ya mazungumzo bila kupoteza jibu lolote. Anayeandika tarehe ya kuzaliwa hukokotolewa umri papo hapo, na fomu hukataa mtoto wa miaka arubaini ikiwa mtayarishaji ameiagiza ikatae.

Kwa mtu wa nafasi yangu, faida kubwa zaidi imejificha katika mambo ambayo mhojaji hayaandiki. Simu hurekodi yenyewe saa ya kuanza na ya kumaliza, na ikiruhusiwa huchukua pia mahali kwa njia ya setilaiti. Mahojiano ya kaya yenye watoto wengi yakiisha kwa dakika chache mno, au nukta za kijiji kizima zikirundikana karibu na kituo kimoja cha soko, nina la kumuuliza msimamizi kabla ya ripoti kuandikwa. Hata hivyo si kila nukta ya ajabu ni ya udanganyifu, kwa kuwa chini ya paa la mabati kipimo cha mahali hupotoka, na mhojaji aliyeketi ndani kwa sababu ya mvua asihukumiwe kwa ramani peke yake. Kila fomu iliyopokelewa inaweza kuwekewa alama ya kukubaliwa, kukataliwa au kusubiri, na kwa maoni yangu hicho ndicho kitufe kinachotumiwa kwa uchache kuliko inavyostahili.

Wageni wa Kobo hukwama zaidi kwenye maswali yanayorudiwa kwa kila mtoto wa kaya. Majibu hayo yakipakuliwa katika Excel hutoka kwenye ukurasa tofauti na ule wa kaya, na kurasa hizo mbili huunganishwa kwa namba tu. Asiyejua kuziunganisha huishia kuhesabu kaya akidhani anahesabu watoto, na kosa hilo likiingia kwenye ripoti ya mfadhili halionekani kwa macho. Vivyo hivyo, ukibadilisha jina la ndani la swali, yaani lile ambalo mfumo hulitumia kama kichwa cha safu, baada ya kazi kuanza, majibu yake yatagawanyika katika safu mbili. Siku moja ya kuwafundisha maafisa wa tathmini mambo haya mawili ina faida kuliko siku tatu za kufundisha vitufe.

Lawama yangu kuu haihusu hitilafu yoyote ya kiufundi. Kobo imerahisisha kuuliza kupita kiasi. Hojaji ya karatasi ilikuwa na gharama iliyoonekana: kila ukurasa ulichapishwa, ukabebwa, kisha mtu akauingiza kwenye kompyuta, na hapo kila idara ilijipima kabla ya kudai nafasi. Sasa swali jipya halina bei, hivyo watu wa lishe huongeza yao, wa elimu yao, na mfadhili akatuma kiambatisho chake siku ya mwisho. Anayelipa ni nyanya anayelea wajukuu kule Seme, ambaye ameacha dagaa wake juani ili ajibu habari za vyoo, vitabu, chanjo na madeni. Nimesoma data za kutosha kuona majibu yanavyodhoofika kadiri fomu inavyoendelea. Mhojaji na mhojiwa wote hugundua mapema kwamba jibu la “ndiyo” hufungua maswali mengine matano ilhali “hapana” hufunga mlango, basi “hapana” huongezeka kuelekea mwisho, nasi tukafurahi kwamba tatizo fulani limepungua vijijini. Hakuna mpangilio wa kompyuta utakaotibu hali hiyo. Mshauri ndiye anapaswa kufuta, na kwangu swali ambalo hakuna mtu anayeweza kusema jibu lake litabadilisha uamuzi gani halipiti.

Pale maswali yalipotungwa kwa uangalifu, chombo hiki hung’aa. Mfano ni yale ya Kundi la Washington, linaloshughulikia takwimu za ulemavu, na UNICEF, yaliyotolewa mwaka 2016 ili kutambua watoto wenye ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kujifunza na mengineyo. Yana seti mbili, ya miaka 2 hadi 4 na ya miaka 5 hadi 17, na huulizwa mama au mlezi mkuu. Kwenye karatasi ilikuwa rahisi kuchanganya seti. Kobo huchagua yenyewe kulingana na umri, na ngazi nne za majibu ya maswali yake mengi hubaki zilezile bila mhojaji kuzifupisha.

Kuhusu usiri, sheria yetu iko wazi. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, na kwamba kazi hiyo ilinde haki na maslahi yake. Kobo inatoa vifaa vya kutii: fomu zinaweza kusimbwa, yaani kufungwa zisisomeke bila ufunguo, na kila mtumiaji akaruhusiwa kuona sehemu anayohusika nayo tu. Lakini havijiwashi. Picha ya mtoto pamoja na mahali pa nyumba yake na jina lake katika simu isiyo na nywila ni hatari ambayo shirika limeitengeneza lenyewe, na fomu zilizokwisha kutumwa zisiachwe zikilala humo.

Pia isigeuzwe kuwa mfumo wa kusimamia kesi. Mtoto akieleza kwamba anapigwa au ananajisiwa, fomu itaingia kwenye seva kimya kimya na huenda isisomwe hadi wiki ijayo. Sisi tumeweka ujumbe ndani ya hojaji unaomwelekeza mhojaji asimamishe maswali, ampigie msimamizi wake, na atumie namba ya msaada kwa watoto, 116, ambayo hupigwa bila malipo saa 24. Kesi yenyewe hufuatiliwa na maafisa wa watoto, ambao wana mfumo wao wa serikali, CPIMS.

Kwa mashirika yasiyo ya faida, Kobo hutumika bure ndani ya vikomo vya idadi ya fomu kwa mwezi na nafasi ya kuhifadhi, na kinachojaza nafasi hiyo upesi ni picha. Mtayarishaji aziwekee ukubwa wa mwisho. Vikundi vidogo vya Homa Bay au Kakamega vinaweza kuianza bila hofu ya gharama. Visajili akaunti kwa anwani ya shirika, si ya afisa mmoja, kwa sababu mradi ni wa mwenye akaunti, na akihamia kazi nyingine ni yeye anayepaswa kuanzisha uhamisho wa umiliki.