Harufu ya Kadibodi Iliyolowa Si Harufu ya Mlima

Nilikusudia kungoja hasira ipoe kabla ya kuandika uzoefu wangu, lakini naona haipoi. Tulifika kwenye shamba moja la mizabibu, lililoko katika miteremko ya mlima Simonsberg karibu na mji wa Stellenbosch nchini Afrika Kusini, wakati wa mavuno, na mwanzoni niliamini kwamba nimepata mahali pa kuwasifia ndugu na marafiki kwa miaka mingi.

Glasi ya kwanza ilikuwa ya Cabernet Franc, na hiyo naisifu hata leo. Zabibu hizi, zikilimwa mlimani kwenye udongo uliotokana na mawe ya graniti, ambako maji hayatuami na upepo wa bahari kutoka False Bay hupunguza joto la mchana, huiva polepole bila kupoteza uchachu wake. Ndivyo ulivyokuwa mvinyo ule: ulinukia majani mabichi na zambarau mbivu, na ukakasi wake uliushika ulimi kidogo tu kisha ukauachia. Mke wangu, ambaye kwa kawaida huonja akasogeza glasi kando, aliinywa yote.

Kisha ikaja Cabernet Sauvignon. Kwa kuwa Cabernet Franc ni mmoja wa wazazi wa zabibu hiyo, nilikuwa na hamu kubwa ya kuwaonja mzazi na mtoto waliokulia kwenye mteremko mmoja. Nilipoinua glasi, puani nilipata harufu ya kadibodi iliyolowa maji ikasahauliwa stoo, na mdomoni tunda lilikuwa limekufa kabisa. Kasoro hiyo inajulikana: ukungu unapokutana na kemikali zenye klorini kwenye gome linalotengenezewa vizibo, huzalisha kitu ambacho kiasi chake kidogo mno hutosha kuua harufu nzuri yote ya mvinyo. Hakimdhuru mnywaji, na chupa ya namna hiyo yaweza kutoka kwa mkulima makini kuliko wote, kwa hiyo kwa hilo sikuwalaumu. Desturi ni kwamba mhudumu hunusa, huomba radhi na kufungua chupa nyingine.

Wa kwetu hakunusa. Nilimweleza kwa sauti ya chini ili nisimwaibishe mbele ya wageni wengine, naye akaigeuza chupa hadi nembo ikanielekea, akagonga kwa ukucha mahali palipochorwa mlima, akasema kwamba hiyo ndiyo harufu ya udongo wa huko, na kwamba watu wanaotoka nchi zilizozoea mvinyo mtamu huchukua muda kuielewa. Mimi ni mtu wa Dodoma. Nimekulia kando ya mizabibu, na mvinyo mtamu ninaufahamu kama ninavyoufahamu mkavu, lakini hata asiyewahi kuonja tone lolote anastahili kusikilizwa anaposema kwamba alichopewa kinanuka.

Hilo ningelimeza. Lakini muda mfupi baadaye aliwamiminia watu wa meza ya jirani kutoka chupa ileile, mmoja wao akanusa na kukunja uso, na kabla hajamaliza kulalamika mhudumu alikwisha kuiondoa chupa, akaleta mpya, akaomba radhi mara mbili. Kwetu hakurudi. Glasi ile tuliikuta kwenye bili, na msimamizi niliyemwonyesha alisema tu kwamba kilichomiminwa hulipiwa.

Nilitaka kuandika kwamba mvinyo wao ununuliwe dukani na chumba chao cha kuonjea kiepukwe, kwa sababu mizabibu haina hatia na Cabernet Franc ile ni miongoni mwa mivinyo bora niliyowahi kuonja. Sasa ninapoandika naona hapana. Fedha ya dukani inafika kwa watu walewale, na mlima Simonsberg una mashamba mengine mengi yenye udongo huohuo na upepo huohuo. Nitanunua huko.