Kitochi juu ya mkarafuu: uzoefu wangu na Nokia 105

Msimu huu nimeingia dago, kambi ya wachumaji karafuu, na kitochi, simu ndogo ya batani, Nokia 105 toleo la 2019. Simu janja nimemwachia binti yangu nyumbani, Wete, Pemba. Watu wananiuliza kama nimefilisika. Sikufilisika, nimechagua, na sababu ya kwanza ni mikono.

Anayechuma karafuu anajua: mkono mmoja umeshika tawi, wa pili unachuma, na vidole vyote jasho na utomvu. Kioo cha kugusa kina umeme mdogo juu yake na hutambua kidole kwa kuwa mwili huupitisha; maji nayo huupitisha, kwa hivyo kikirowa kinachanganyikiwa. Unagusa hapa, kinafungua kule. Batani hazina habari hiyo. Juu ya tano pana kidoto kilichoinuka, dole gumba linakipata lenyewe bila ya kutazama. Nikiona wingu limejifunga upande wa bahari nashikilia mbili, simu inakwenda moja kwa moja kwa mama watoto aliyebaki dago na majamvi ya kuanikia karafuu. "Anueni!" Basi, nakata. Mavuno makubwa huangukia vuli, na karafuu iliyorowa jamvini usitegemee kuipeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, ukapewa daraja la kwanza. Wakati huo sina nafasi ya kupangusa kioo kwa shati.

Chaji ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Betri yake ni ya mAh 800 tu, ukiihesabu kwa namba utaicheka, lakini haina kioo kikubwa cha kulisha wala programu zinazokula chini kwa chini. Umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga, Pemba tunao tangu 2010, ila haujafika chini ya mikarafuu yangu. Naichaji Ijumaa nikienda mjini kuswali, na Ijumaa ya pili bado vijiti vimo.

Tochi nayo isifiwe kwa kiasi chake. Kwa kwendea kisimani usiku inatosha. Kuchambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, watu watano mmezunguka lundo, hapana. Mwanga wake mwembamba, tafuteni taa ya sola.

Wengi wanaogopa habari ya pesa. Jioni wachumaji wanalipwa kwa pishi, kile kipimo cha karafuu walizochuma, na wengine hawataki taslimu mkononi. Napiga *150*01# au *150*00# kutegemea laini, jina la mpokeaji linatokea, naweka namba ya siri, imekwenda. Menyu hizi hupita kwenye mtandao wa simu wenyewe, si intaneti, kwa hivyo bando halihitajiki. Nilichukua ya laini mbili kwa ajili hiyo hiyo.

Sasa hasara, na si ndogo. WhatsApp haina. Kaka yangu yuko Maskati, alizoea kunitumia sauti ndefu za usiku, na kunipigia simu ya kawaida kutoka Oman ni ghali. Siku hizi sauti zake zinakwenda kwa binti, nazisikiliza nikirudi Wete, habari imeshapoa. Harusi mbili nimezisikia zimekwisha. Misiba hainipiti, maana misiba watu hupigiana.

Kwa bei ya simu janja ya hali ya chini ningepata hizi tatu. Hata hivyo, kama una mwanafunzi anayepokea kazi za skuli kwa simu, au unauza bidhaa kwa picha, usiinunue ikawa ndiyo simu pekee ya nyumba. Kamera haina kabisa.

Redio ninayo, lakini lazima uchomeke waya wa masikioni, ndio antena yake. Na hii ya 2019 haina pahala pa memori kadi, kwa hivyo anayetaka taarabu zake mfukoni amwambie muuzaji amtolee aina nyengine.