Kidude cha Elfu 25 Kimenionyesha Silinda Inayomisi

Jamani karibuni. Leo nina hasira na furaha kwa pamoja.

Hasira kwanza. Gari yangu imemisi wiki tatu, yaani mafuta hayaungui sawasawa ndani ya injini. Ukiisimamisha inatetemeka, ukipanda Kimara inakuwa nzito, unakanyaga mafuta haivuti. Fundi wa kwanza kabadilisha plagi zote nne, bado. Wa pili kaniambia gia boksi! Nikaondoka.

Furaha ni hiki hapa, ELM327 ya Bluetooth, kidude kinachosoma hitilafu za injini na kuzionyesha kwenye simu. Nimekichukua Kariakoo, muuzaji alianza na elfu 40, tukamalizana elfu 25. Unachomeka kwenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi. Kuunganisha na simu mnajua, naruka.

Sasa tazameni skrini, nasogeza kamera. P0302, hiyo ndiyo kodi, yaani namba ya hitilafu. Mmeiona? Hiyo 2 ya mwisho ndiyo silinda inayomisi. Ingekuwa P0300, maana yake inamisi ovyo, silinda haijulikani, hapo ningeanza na mafuta au hewa inayovuja. Hii imenitajia silinda ya pili, tunahesabu kutoka upande wa mkanda wa injini.

Nazima injini. Spana namba 10, nafungua koili, ile inayoipa plagi umeme, ya silinda ya pili, nafungua ya tatu, nazibadilishana. Plagi siigusi kabisa! Mkihamisha vitu viwili kwa mkupuo hamtajua mgonjwa ni nani. Nafuta kodi ya hitilafu kwenye programu ya simu, nawasha. Mnasikia inavyotetemeka bado? Nazunguka nayo mtaa, nakata video kidogo.

Nimerudi. Soma hapo. P0303! Jamani, ugonjwa umehama na koili! Koili moja tu. Ingebaki P0302, ningehamisha plagi, halafu ningeenda kwenye nozeli, ile inayopulizia mafuta kwenye injini. Wiki tatu za kuhangaika, jibu limepatikana ndani ya nusu saa.

Na taa ya injini ikianza kupepesa, msiendelee kukanyaga. Petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega ya kwenye ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na bei ya masega mnaijua.

Kinachoniudhi ni kimoja. Gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani kabla ya 2008, zile IST na Vitz za zamani, mara nyingi hazisikilizani nacho. Kijaribuni kwenye gari yenu kabla ya kulipa. Wenye iPhone, hiki cha Bluetooth ya kawaida hakiungi, chukueni cha Wi-Fi. Zile mashine za waya zenye skrini yake? Nzuri kwa fundi, hazihitaji simu, ila bei iko juu. Mwanzoni nilifikiri hata fundi anunue hiki, sasa nimebadili mawazo, fundi achukue ya waya.

Alhamisi nafungua nozeli hapa hapa, wengi mmeiomba, kwa hiyo jiungeni na chaneli msiikose.

Koili mpya hii hapa. Ngoja niifunge, nyamazeni tusikie injini.