Bad News: Mchezo Unaofichua Hila za Propaganda, Lakini Si Zote

Bad News ni mchezo wa bure wa kwenye kivinjari, uliotolewa mwaka 2018 na taasisi ya Kiholanzi ya DROG pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Hapa mchezaji hasaki uongo, bali ndiye anayeutunga: anachagua ujumbe wa kusambaza, anavuna wafuasi, na mizani ya kuaminika kwake hupanda au kushuka kwa kila uamuzi. Anajifunza mbinu sita, miongoni mwake kujifanya mtu mwingine, kuchochea hisia, kuchonganisha makundi na kuwachafulia jina wakosoaji. Kwa dakika zipatazo 15 tu, kazi hii imefanywa kwa ustadi mkubwa.

Msingi wake ni nadharia ya mwanasaikolojia William McGuire ya miaka ya 1960, kwamba akili inaweza kuchanjwa dhidi ya ushawishi kwa kuonjeshwa hoja potofu iliyodhoofishwa. Utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha watu wapatao 15,000 ulionyesha kuwa baada ya kucheza waliziamini kidogo zaidi habari za uongo. Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu michezo ya aina hii ulibaini kuwa wachezaji walielekea kushuku hata habari za kweli. Kwangu hiyo ni kasoro nzito, kwa kuwa mwenye propaganda hunufaika pia na umma uliokata tamaa ya kuujua ukweli.

Pengo jingine ni kwamba mzushi anayeigizwa na mchezaji yuko peke yake, hana serikali wala bajeti nyuma yake. Mwaka 1917, kamati ya serikali ya Marekani iliyoongozwa na George Creel ilianza kuwatumia wasemaji wa kujitolea, ambao hatimaye walifikia takriban 75,000, kuhutubia kwa dakika nne katika majumba ya sinema ili wananchi waunge mkono Vita vya Kwanza vya Dunia. Nguvu yao haikutegemea uongo mtupu. Walichagua ukweli unaofaa, wakaurudia, wakanyamazia mwingine, na wasikilizaji waliyapokea hayo kutoka kwa watu wa mtaani mwao waliowaheshimu. Ushawishi wa namna hiyo, unaojengwa kwa ukimya na kwa heshima, haumo kabisa katika mchezo.

Naupendekeza kwa walimu wa sekondari, mradi kila kipindi kiwe na zoezi la kuzitambua habari za kweli na kueleza kwa nini zinastahili kuaminiwa.