Jina Moja, Matundu Mbalimbali: Nimejaribu Risasi za .22 za Mashindano Bila Kujua Ninapiga Ipi

Hebu nisogeze karatasi hii karibu na kamera. Mnaiona vizuri? Huku kushoto kuna matundu kumi, na sarafu ya senti 5 ya Marekani, hii hapa, inayafunika yote. Sasa tazama huku kulia. Matundu kumi pia, nimeweka sarafu ileile, na manne yamechungulia nje. Bunduki moja, mpigaji ni mimi huyuhuyu, asubuhi ileile, mita 50 zilezile. Na masanduku yote mawili yameandikwa jina moja na nimeyalipia bei moja. Hapo ndipo penye mazungumzo ya leo.

Haya, habari zenu wadau, karibuni. Nipo Ben Avery, uwanja wa shabaha wa umma huku kaskazini mwa Phoenix, Arizona. Ukitokea mjini unapanda na barabara ya I-17 mpaka Carefree Highway. Waswahili tupo wengi jiji hili, ndugu zetu wa Kongo na Burundi hasa, na kila nikiweka video ya bunduki swali linalokuja ni lilelile: kaka, risasi ipi ni nzuri? Leo nawajibu, ila jibu lenyewe halitawapendeza wote.

Tunazungumzia .22 LR, hii ndogo. Msiidharau. Hii ndiyo risasi ya bunduki ya mita 50 kwenye Olimpiki, na kumi ya katikati, yaani duara la alama kumi, kwenye karatasi yao ina upana wa milimita 10.4 tu. Kichwa chake ni madini ya risasi yaliyopakwa nta, kina uzito wa gramu 2.6, na zile za mashindano hutoka mtutuni kwa mita 325 hadi 330 kwa sekunde. Yaani ziko chini ya mwendo wa sauti, na hilo limekusudiwa. Zile za kasi, zinazovuka mwendo wa sauti, hupoteza kasi haraka sana baada ya kutoka, na kwa sababu hiyo upepo huzisukuma zaidi kuliko hizi za polepole. Najua inashangaza. Mtu ananunua zilizoandikwa kasi kubwa akidhani ndizo zitakazokwenda sawa, kumbe kwenye shabaha amejiongezea kazi.

Kwa nini .22 na siyo .308, ile risasi kubwa zaidi ya bunduki? Kwa sababu .308 ukiona ya dukani haikuridhishi, unatengeneza mwenyewe nyumbani: unapima baruti yako, unachagua kichwa, unaweka fataki mpya, ile inayowasha baruti. Hii ndogo fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda, imezungushiwa humo kiwandani ikiwa mbichi, na ganda likishapigwa limekwisha. Huwezi kurekebisha chochote. Unachoweza ni kuchagua tu. Kwa hiyo kuchagua ndiyo kazi yenyewe.

Bunduki ni CZ 457 MTR, ya Jamhuri ya Czech, yenye chemba ya mashindano, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Chemba hii imebana. Nikisukuma boliti, yaani komeo la bunduki, mbele, mwishoni nasikia kichwa cha risasi kinakwama kidogo, kinaingia kwenye mifereji ya mtutu kabla sijapiga. Ngoja niitoe moja bila kuipiga muone... hii. Oneni alama hizi ndogo kuzunguka kichwa, kama mikwaruzo ya ukucha kwenye nta. Risasi inaanza safari ikiwa tayari imeshikwa katikati ya mtutu. Ndiyo maana upana wa kichwa, hata tofauti usiyoiona kwa macho, unakuwa na maana.

Samahani, nakatiza. Msimamizi ametangaza kusimama, watu wanakwenda kubadilisha karatasi. Boliti yangu iko wazi, kibendera hiki cha njano kimechomekwa kwenye chemba, na mimi narudi nyuma ya mstari. Muda huu huruhusiwi kugusa bunduki, hata kuisogeza tu mezani. Ukigusa unafukuzwa, na mimi ningekufukuza pia.

Tuendelee. Shemeji yangu ndiye aliyenisaidia. Alichukua masanduku akayafunika kwa utepe mweusi, akayaandika A, B, C na D. Ndani yake kulikuwa na aina tatu za risasi za mashindano, Eley Tenex, Lapua Center-X na SK Rifle Match; na mojawapo kati ya Tenex na Center-X nilikuwa nimeinunua loti mbili, yaani kutoka mafungu mawili tofauti ya kiwandani. Ipi ni ipi sikujua mpaka tumemaliza kupima. Nilimwomba hivyo kwa sababu najijua: nikishaona sanduku la dola 20 na ushei, napumua vizuri zaidi, nabana kifyatulio taratibu, halafu nasema risasi ni nzuri. Nikaongeza E, zile za kawaida za kasi zinazouzwa mia kadhaa kwa pamoja kwa bei ya kutupa, ili tuwe na kitu cha kulinganishia.

Sasa njia. Hapa nataka mnisikilize, maana video nyingi za wenzangu zinaharibikia hapa.

Mtu anapiga risasi tatu, zinagusana, anapiga kelele, anaweka picha. Risasi tatu hazisemi kitu. Chukua bunduki ambayo kundi lake la risasi tatu, ukipima kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, lina wastani wa milimita 10. Bunduki hiyohiyo, risasi hizohizo, kundi la tano wastani wake utakuwa karibu milimita 13, na kundi la kumi karibu 16. Hakuna kilichoharibika, ni hesabu tu, kadiri unavyopiga nyingi ndivyo ile ya pembeni kabisa inavyopata nafasi ya kutokea. Kwa hiyo mwenye kundi la tatu na mwenye kundi la kumi hawawezi kubishana, hawazungumzii kitu kimoja. Na ukipiga makundi ya tatu mengi ukachagua moja la kuonyesha watu, basi wewe unauza picha. Mimi napiga kumi kumi, makundi kadhaa kwa kila herufi, na nachukua wastani. Lile baya nalo linahesabiwa. Hakuna cha "hiyo ilinitoroka."

Halafu kuna nta. Kila kampuni ina mafuta yake, na mtutu hubaki na tabaka la ile iliyopita. Ukibadili aina, zile za kwanza huzurura kidogo mpaka mtutu uizoee mpya. Kwa hiyo nikibadili herufi napiga kwanza kama kumi na tano kwenye tuta, bila kuhesabu. Ndiyo, ni hela inayokwenda kwenye mchanga. Pia nilianza A mpaka E, kisha nikarudi E mpaka A, ili joto na upepo wa saa nne visimwangukie mmoja peke yake. Na masanduku yote yalikaa kwenye boksi la kutunzia baridi, lisilo na barafu, chini ya meza. Arizona hii ukiacha risasi juani juu ya zege, baruti inapata moto na mwendo unabadilika, halafu unamsingizia mtengenezaji.

Upepo... vile vibendera mnavyoviona pale mbele si mapambo. Upepo wa mita 1 kwa sekunde, ule ambao unausikia kwa shida shavuni, ukitoka ubavuni unaisogeza risasi hii karibu milimita 5 kwa mita 50. Hiyo ni nusu ya kumi ya katikati. Nilianza alfajiri, na vibendera vilipoinuka nilingoja vilale.

Kupima: watu hutumia vernia, kile kifaa cha kupimia milimita, wanachukua ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje, wanatoa 5.6, yaani upana wa kichwa. Kasoro yake ni kwamba karatasi hujirudisha, tundu huonekana dogo kuliko kichwa. Mimi napima tundu moja lililokaa peke yake kwenye karatasi ileile, natoa kipimo hicho. Jambo dogo, lakini tunagombania milimita mbili hapa.

Matokeo, wastani wa makundi ya kumi, katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu. A, milimita 14. B, 16. C, 16. D, 21. E, zile za bei ya kutupa, 40.

E tuiache, imejieleza. Tufunue C. C ni SK Rifle Match. SK hutengenezwa Schönebeck, Ujerumani, na huko ndiko zinakotengenezwa .22 za Lapua pia, mwenye kampuni zote mbili ni Nammo. Bei yake ni ndogo kuliko za wakubwa wake na kwenye mtutu wangu imekaa bega kwa bega na B. Kwa mazoezi, na hata kwa mashindano ya klabu, mimi ningekaa hapo na roho yangu ikatulia.

Sasa A na D. Shemeji alipobandua utepe nilidhani ananitania. Jina moja. Rangi ya sanduku moja. Kilichotofautiana ni namba ya loti tu, hii iliyochapwa pembeni ambayo watu wengi hawaisomi. Ile iliyoongoza na ile iliyoburura mkia kati ya risasi za mashindano ni ndugu wa baba mmoja.

Nikasema labda D mwendo wake umeyumba. Hilo ni jambo la kweli: risasi moja ikiwa na upungufu wa mita 5 kwa sekunde inatua karibu milimita 4 chini zaidi kwa mita 50, na kwa mita 100 inakuwa mara nne ya hapo. Nikaangalia kumbukumbu za rada, hii ndogo ya Garmin Xero inayokaa mezani pembeni ya mtutu. Hakuna. Tofauti kati ya yenye kasi na ya polepole ilikuwa karibu sawa na ya A. Na matundu ya D hayakutawanyika juu na chini kama mwendo ungeyumba. Yametawanyika kila upande. Kwa hiyo baruti na fataki hazina hatia. Ninavyoona mimi, kichwa cha loti ile na mtutu wangu havielewani, na nina hakika kuna mtu mwenye CZ kama yangu ambaye D itampigia tundu moja na A itamsumbua.

Ndiyo maana sitasema A na D ni kampuni gani, wala B. Najua mtanitukana huko chini, tukaneni tu. Nikisema, kesho mtu atakwenda dukani kuulizia jina, atapewa loti ya tatu ambayo mimi sijawahi kuiona, kisha atarudi kunilaumu.

Basi ufanyeje? Nunua masanduku machache ya loti mbalimbali kutoka duka moja, andika namba za loti, piga kama nilivyoonyesha. Ukipata inayoelewana na mtutu wako, rudi siku hiyohiyo ununue yote unayoweza, maana loti ikiisha imeisha. Sanduku ni 50, katoni kubwa ni 5,000, na wapigaji wa kweli hununua katoni. Eley huchapa kwenye sanduku mwendo wa wastani wa loti hiyo, kwa hiyo ukishajua mtutu wako unapenda mwendo gani una pa kuanzia kutafuta.

Njia ya pili ni kupeleka bunduki ipimwe. Lapua wana kituo hapa hapa Mesa, na kingine Marengo, Ohio. Wanavua mtutu na mashine yake kwenye kitako, wanaubana kwenye chuma, wanapiga loti moja baada ya nyingine huku vifaa vikisoma kwa mita 50 na 100 kwa mpigo, wewe unachagua na kununua. Sina uhusiano nao na hawajanilipa. Faida yake ni kwamba wewe mpigaji unaondolewa kwenye hesabu. Kasoro yake ni kwamba mashindanoni hubanwi kwenye chuma. Mtutu ukirudi kwenye kitako chako na begani kwako lazima uhakikishe upya.

Loti ya A nimeshaiulizia dukani. Duka lilikuwa na masanduku machache ya loti ile, nimeyachukua yote, na mwenye duka ameniangalia jicho la pembeni.

Swali la mwisho, limeulizwa na mdau wa bunduki za upepo, zile za 4.5: je, na sisi hili linatuhusu? Linawahusu sana. Vile vidonge vya mashindano vinauzwa kwa upana wa kichwa, 4.49, 4.50, 4.51, umeandikwa kwenye kopo, na namba ya loti huwa chini au ubavuni. Anza na upana kwanza, kisha loti, kwa mita 10, na upepo hautakusumbua ukiwa ndani ya ukumbi. Ila kwanza uliza sheria ya nchi uliyopo, maana kuna mahali hata hiyo ya upepo inataka cheti.