Ngozi ya matandiko ya farasi wa sanamu: ununue ipi ukiwa Tabora

Usinunue ngozi nzima. Natanguliza hilo kwa sababu ndilo kosa nililoanzia mimi, na karibu kila anayekuja kuniuliza habari za kazi hii anakuja tayari na ngozi ya mbuzi imekunjwa kwenye salfeti, na harufu yake inafika kabla hajabisha hodi.

Kwa asiyeijua, kazi yenyewe ni hii. Una farasi wa plastiki, wa kuweka kabatini. Unamtengenezea hatamu, lijamu, tandiko na vikuku vyake, kila kitu kikiwa kimepungua kwa kiasi kilekile alichopungua farasi. Wamarekani wamelizoea jambo hili tangu kampuni ya Breyer ya Chicago ilipotoa farasi wake wa kwanza mwaka 1950, ambaye alianza kama pambo tu la kusimama kando ya saa ya mezani. Sisi huku hatuna hata farasi wa kweli wa kwenda kumwangalizia. Stanley, yule msafiri aliyekuja kumtafuta Livingstone, alipofunga safari kutoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa njiani, hawakuiona Kwihara, hapa jirani na Tabora. Nchi ya miombo na mbung'o imebaki kuwa ya punda. Kwa hiyo mishono tunaitazama kwenye simu, na malighafi tunaitafuta sokoni.

Sasa kipimo, maana bila hicho utanunua hovyo. Farasi mkubwa wa Breyer, yule wa urefu wa sentimita 23 hivi, ni moja ya tisa ya farasi halisi. Mkanda wa shavuni kwenye hatamu ya kweli una upana wa milimita 18 au karibu na hapo. Gawanya kwa tisa: milimita 2. Farasi wa Schleich, yule wa Kijerumani anayeuzwa kwenye maduka ya vitu vya watoto, yuko kama moja ya ishirini, kwa hiyo mkanda wake hata milimita moja haufiki. Hapo wengi wanadhani ugumu ni kukata chembamba kiasi hicho. Sivyo. Rula ya chuma na wembe mpya, unakata. Ugumu uko kwenye unene. Ngozi ya hatamu ya kweli ina milimita 3.5 hadi 4, na ukigawa kwa tisa inabaki 0.4. Chukua karatasi nne za fotokopi uzibane kwa vidole: ndio unene wenyewe. Mkanda mzito kuliko huo, hata uwe na upana sahihi, farasi anaonekana amefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Upana unaukata mwenyewe, unene unaununua. Orodha yangu yote imepangwa kwa kigezo hicho.

Namba moja: waleti kuukuu za mitumba

Najua hukutegemea. Fungua waleti ya kiume ya ngozi, tazama zile mifuko ndogo za kadi zilizopandana. Kiwandani walishazipunguza unene, la sivyo waleti nzima isingekunjika. Ukifumua nyuzi unapata vipande vya nusu milimita au pungufu kidogo, vilivyonyooka, ambavyo vimekaliwa miaka mingi na makalio ya mtu mpaka vimemaliza kunyumbuka. Hilo la kunyumbuka ni kubwa kuliko unavyofikiri, tutalirudia kwenye glovu.

Waleti moja inatoa hatamu mbili na akiba ya kukosea. Mimi sijawahi kulipa zaidi ya shilingi 2,000, na ukifika jioni wakati mwuzaji anakunja turubai lake unaweza kupewa tatu kwa bei hiyo.

Shida ni kwamba nyingi si ngozi. Nyingine ni plastiki juu ya kitambaa. Hizo utazijua ukichungulia ukingo uliochanika, utaona nyuzi za kitambaa zimepishana kama mkeka. Mbaya zaidi ni ile ngozi ya kusagwa, yaani mabaki ya ngozi yaliyotwangwa yakashikwa kwa gundi na kugongwa muhuri wa kuiga vinyweleo. Kwa macho inakudanganya, na kwa harufu pia. Dawa yake ni kuomba ruhusa ukate utepe mwembamba pembeni, upana wa milimita 2, uuvute. Ngozi itakung'ang'ania. Ya kusagwa inakatika kama mkate wa juzi. Mwuzaji akikataa usikate, msalimie vizuri uendelee na safari, waleti haziishi.

Namba mbili: bitana ya fundi viatu

Ile ngozi laini inayowekwa ndani ya kiatu, mara nyingi ya mbuzi au kondoo. Chagua ya mbuzi. Ya kondoo ina kawaida ya kuachana tabaka, uso wa juu unajitenga na wa chini kama gazeti lililolowa, na kwenye utepe wa milimita 2 hilo ni msiba. Jaribu kwa ukucha: kwaruza ukingo, ukiona unafunguka, rudisha.

Huku Isevya nina mzee wangu anayeshona viatu chini ya mwembe. Mara ya kwanza nilikwenda na farasi mfukoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kiatu kiko wapi?"

"Sina kiatu mzee. Naomba bitana, kipande tu, ya huyu hapa."

Akampokea, akamgeuza chali, akamkagua kwato zote nne bila kucheka. "Huyu hana shida ya bitana," akasema. "Huyu ni wa kupigwa soli."

Tangu siku hiyo ananitunzia mabaki kwenye kopo la maziwa, na mimi namlipa kwa nta, maana anaitumia kwenye uzi wake. Unene wa bitana kwa kawaida ni kati ya milimita 0.6 na 1, kwa hiyo utaparua. Lowesha kidogo upande wa nyama, laza wembe karibu ulale kabisa juu ya kioo, na uvute kuja kwako kwa mikwaruzo mifupi. Ukisukuma kwenda mbele unatoboa. Mimi nilitoboa sana.

Namba tatu: ngozi iliyotengenezwa kwa magome

Hii ndiyo ya mafundi. Ngozi iliyolowekwa kwenye maji ya magome, kama yale ya miwati inayolimwa Njombe, ina rangi ya udongo mkavu, na ukiidondoshea tone la maji inanywa na kuwa nyeusi pale pale. Ukiilowesha unaweza kuigandamiza nakshi kwa ncha ya msumari butu, ikakauka na nakshi yake. Ukingo wake ukisuguliwa unang'aa. Ngozi nyingi za viwandani, ambazo hutengenezwa kwa kromiamu, hazikubali nakshi namna hiyo, na ukizikata unaona kijivu cha kibuluu katikati.

Sasa kwa nini namba tatu? Kwa sababu haipatikani kirahisi huku, ikipatikana ni nene, na mwuzaji anataka uchukue ngozi nzima. Mtu mwenye mkono uliozoea na anayetaka tandiko la Kimarekani lenye maua ubavuni, kwake hii ni namba moja bila ubishi. Wewe unayeanza utaiharibu, halafu utaacha kazi.

Namba nne: glovu za ngozi

Glovu za kike za mitumba, zile za nchi za baridi, ni nyembamba kuliko vyote nilivyotaja. Nilipozipata mara ya kwanza nilidhani nimemaliza. Nikakata hatamu, nikaifunga, nikaipiga picha. Baada ya wiki mkanda wa taya ulikuwa unaning'inia kama mkufu. Ngozi ya glovu inatengenezwa ili inyumbuke na kidole. Utepe wake unarefuka ukiuvuta na unazidi kurefuka kila unapomvua farasi.

Basi usikate mikanda humo. Itumie kufunika kiti cha tandiko, kazi ambayo kunyumbuka ndiko kunakohitajika: unaivuta juu ya umbo na inakaa bila mkunjo hata mmoja. Kwa kazi hiyo peke yake nunua glovu moja tu, hata kama mwenzake amepotea. Yenye upande mmoja huwa bei ya kutupa.

Namba tano: jaketi na mikoba

Ngozi nyingi kwa pesa kidogo, lakini laini mno na mara nyingi nzito. Mgongo wa jaketi ni mzuri kwa mikoba ya pembeni mwa tandiko, au ukiamua kumtengenezea punda sogi lake, yaani mfuko wa mizigo wa mgongoni, badala ya kuhangaika na farasi, jambo ambalo mimi nalipenda zaidi kwa kweli. Sogi nimeliona kwa macho yangu, najua linavyokaa. Mikoba, kata kwenye mishikio uone unene kabla hujalipa.

Namba sita: reksini ya makochi

Fundi makochi atakupa mabaki bure, na hiyo ndiyo bei yake sahihi. Ina faida moja, unafanyia mazoezi ya kukata bila uchungu. Lakini nyuma yake ni kitambaa, ukingo unatoa nyuzi, na uso unabanduka. Hatamu yangu moja ya reksini ilianza kumenyeka Oktoba, joto lilipopanda, ikabakia kitambaa cheupe usoni mwa farasi kama bandeji.

Vya kuacha kabisa: mikanda ya suruali. Ni minene na mingi ni ile ya kusagwa. Na ngozi mbichi ya ngoma, ambayo ikikauka ni ngumu kama kigae, usiinunue kwa mikanda. Inafaa kwa kitu kimoja, mti wa tandiko, yaani lile umbo gumu la ndani. Mfunike farasi mgongo kwa nailoni, laza kipande kilicholoweshwa usiku kucha, kifunge kwa bandeji na ukiache kivulini siku mbili. Kitatoka kimeshika mgongo wa farasi wako. Kivulini, nasisitiza. Plastiki ya hawa farasi haipendi jua la mchana, miguu inapinda taratibu mpaka anashindwa kusimama.

Vingine vya kununua ni vichache. Gundi nyeupe ya maseremala inatosha kwa ngozi juu ya ngozi. Ile ya kukauka papo hapo inaacha ukungu mweupe na kuifanya ngozi iwe kavu kama kibanzi, kwa hiyo iweke kwa ajili ya chuma tu. Nta usinunue ya dukani, uko Tabora. Ukipata bonge la wafuga nyuki lenye ukubwa wa ngumi, litakutosha mwaka mzima: paka ukingo rangi kwa makapeni, sugua nta, kisha piga kwa kitako cha peni mpaka ung'ae.

Bizimu za mikanda, pete na lijamu havipatikani kwa ukubwa huu. Vipete vya mkufu wa bandia vya milimita 8 ni pete za lijamu kamili, na waya mwembamba wa shaba kutoka mota iliyoungua unapindwa kuwa bizimu ukiuzungushia msumari mdogo uliosuguliwa kwa tupa ukawa bapa. Omba kwa fundi mota, usinunue mpya.

Na wembe, chukua pakiti nzima. Mkanda wa kwanza tu utakula mitatu.